Liao Peizhi na Chaja ya Baba Yake

Kazi ya Liao Peizhi ilikuwa kupasua chaja za simu. Nilikaa naye benchi moja miaka sita, ghorofa ya tatu, katika maabara ndogo ya ukaguzi huko Dongguan, na sijaona mtu mwingine anayeijua chaja kama yeye. Viwanda vilituletea sampuli kabla ya kupeleka mzigo sokoni. Tulizipima, tukazipasua, tukaandika imefaulu au imeshindwa. Sisi wengine tulisubiri mashine iseme. Peizhi aliishika kwanza chaja kiganjani, akaipimapima uzito kama mtu anayechagua yai, akaitikisa karibu na sikio.

"Hii nyepesi mno," alikuwa akisema. "Ndani hamna watu."

Tukiipasua tunakuta kweli, transfoma ndogo kama punje ya mahindi, haikuzungushiwa hata utepe.

Wasichana wapya aliwafundisha hivi: "Chaja ina pande mbili. Upande huu ni umeme wa ukutani, unaua. Upande huu ni umeme wa simu, hata mtoto mchanga haumdhuru. Kazi yote ya chaja ni kuzuia pande hizi zisikutane. Tazama hapa katikati. Ukiona nafasi ya milimita sita au zaidi, endelea na vipimo vingine. Ukiona moja, andika imeshindwa ukanywe chai."

Alizaliwa Baitang, kijiji cha milima ya machungwa kusini mwa Jiangxi. Alitoka huko akiwa na miaka kumi na minane, akaanza kwa kuchomeka vipuri kwenye bodi, siku nzima kipuri kilekile, mpaka mtu mmoja wa ukaguzi alipogundua kwamba binti huyu anazikamata bodi mbovu kwa macho tu. Nilipokutana naye alikuwa na miaka arobaini na moja, ana mume dereva wa lori na binti anayesoma. Mama yake alikuwa amefariki miaka minne kabla, baada ya kulala kitandani miezi saba. Katika miezi hiyo Peizhi aliweza kwenda nyumbani mara mbili tu. Aliyemwosha mama yake, aliyemgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko, alikuwa jirani, mjane mwenye duka la kijiji, Zhong Huajiao, ambaye Peizhi alimwita shangazi ingawa hawakuwa na damu moja. Jambo hilo aliwahi kunisimulia mara moja tu, tena huku akiangalia pembeni.

Baba yake, mzee Liao Maosheng, alikuwa na miaka sabini na mbili na aliishi peke yake. Alikuwa na simu kuukuu yenye ukingo wa chuma, betri yake imekufa kabisa, hivyo haikuwaka ila ikiwa imechomekwa ukutani. Peizhi alimnunulia mpya. Mzee akamrudishia kwa posta, kaandika kwenye karatasi kwamba ile ya zamani anaijua na yeye inamjua. Basi akawa anamtumia chaja. Kila alipopata nzuri, yaani ambayo sampuli yake aliipasua mwenyewe na kuridhika nayo, alinunua nyingine ya aina hiyo akaituma Baitang.

Mwezi wa kumi na mbili, wakati wa kuchuma machungwa, alimpigia mchana kama kawaida yake. Alipenda kuweka simu mezani, picha wazi, huku akila. Sote benchini tulimjua mzee Liao kwa uso.

"Baba, huo mlio wa nini?"

"Mlio gani?"

"Huo. Kama nzi yuko ndani ya chupa."

"Aa, chaja hiyo. Ile ya kwanza panya ameitafuna waya. Hii nimeichukua juzi kwa Huajiao. Inaimba kidogo."

Peizhi akaweka kijiko chini. "Chaja haiimbi, baba. Nilizokutumia ziko wapi?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Nimekwambia zipo. Kitu kizuri hakitumiwi ovyo ovyo. Mjukuu wangu akija sikukuu atachajia nini? Hii ya dukani?"

"Mjukuu wako ana chaja yake! Iguse hiyo. Ina moto?"

Mzee akanyoosha mkono ukutani, akacheka. "Ina joto zuri. Kwa baridi hii ya mlimani, nashukuru."

Alimwomba, akamwamuru, akamwomba tena. Mzee akasema haya, haya, atabadilisha. Siku iliyofuata mlio ulikuwa uleule.

"Baba, umesema umebadilisha."

"Nimebadilisha. Nimeihamishia soketi ya jikoni."

Benchi zima tulicheka, na Peizhi naye akacheka, ila mkono wake ulikuwa unaizungusha bisibisi bila sababu. Halafu mzee, ambaye humwita bintiye Azhi, akaongeza, kama mtu anayetoa habari njema:

"Na tena, Azhi, inanitibu. Nikishika simu, ukingo wake unanitekenya vidole. Ile ganzi ya mkono wa kushoto naona imepungua."

Peizhi alisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma yake.

"Chomoa! Baba, chomoa sasa hivi!"

"Nikichomoa simu itazima."

"Izime!"

"Ikizima utanipataje?"

Peizhi, ambaye kwa neno moja alikuwa anarudisha mizigo mizima ya viwanda vikubwa, alikuwa kilomita mia tano kutoka kwenye chaja moja na hakuweza kuichomoa ukutani.

Alitoka akaenda ngazini kumpigia Shangazi Zhong. Nilikuwa napita na masanduku, nikasikia upande wake na kidogo upande wa pili, maana shangazi yule hupayuka akiwa na simu.

"Shangazi, naomba unisaidie. Nenda kwa baba, uitoe ile chaja, umwekee moja kati ya nilizomtumia."

"Kwani ya kwangu ina nini?"

Peizhi akaketi kwenye ngazi.

"Azhi? Ina nini? Nimemuuzia aina hiyohiyo nusu ya kijiji. Ina alama, imeandikwa imekaguliwa."

"Haina kitu, Shangazi. Ni kwamba... mimi nimezoea hizi zangu. Kazi yangu, si unajua."

"Wasichana wa mjini mna mambo. Haya, nikipita nitamwambia."

Alirudi benchini macho mekundu. "Nimeshindwa kumwambia," akaniambia. "Alimwosha mama yangu, Dada Nie. Nitamwambiaje kwamba anauza sumu?"

Nikamwambia aombe ruhusa aende mwenyewe. Akaenda kwa msimamizi wetu, Bwana Shu, mtu asiye mbaya, ila mwezi ule viwanda vyote vilikuwa vinakimbizana na sikukuu ya mwaka mpya na sampuli zilikuwa zimejaa mpaka kwenye ujia.

"Mzee anaumwa?" akauliza Bwana Shu.

"Bado."

"Bado? Sasa kwenye fomu niandike nini, Dada Liao? Kwamba unaenda kubadilisha chaja?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, na hilo nimelikumbuka mara nyingi tangu hapo. Bwana Shu akampa siku tatu, kuanzia tarehe kumi na tisa. Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi.

Katikati ya hapo alifanya kila alichoweza kukifanya kutoka mbali. Alituma chaja nyingine kwa mjumbe wa haraka, akiandika juu ya kifurushi kwa kalamu nene, "Baba, hii ni ya kutumia, si ya kutunza." Kifurushi kikafika kituo cha mjini, na mzee hakushuka kukichukua kwa sababu machungwa yalikuwa hayangoji. Alimpigia binamu yake, naye akasema atapita, na nadhani alikusudia kupita. Akamsihi baba yake asishike simu ikiwa imechomekwa, aiweke mezani na kuongea nayo kutoka mbali. Kwa siku mbili mzee alitii, akawa anapiga kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Siku ya tatu akasema amechoka kupayuka, majirani wanadhani anagombana.

Tarehe kumi na saba, jioni, mzee alitoka shambani akachemsha maji ya kulowekea miguu. Ndivyo wafanyavyo wazee wa huko majira ya baridi. Alikaa kwenye kiti kifupi cha mianzi jikoni, miguu ndani ya beseni la bati, sakafu ya saruji imelowa, na simu mkononi anasikiliza nyimbo za wachuma chai. Umeme ulimshika hapo. Vidole vilikaza kwenye ukingo wa simu wala havikuachia. Kilichomwokoa ni kile kiti kufunguka miguu. Alianguka kwa ubavu, waya ukavutika, chaja ikatoka ukutani. Shangazi Zhong ndiye aliyemkuta. Alikuwa amekumbuka ile ahadi yake ya kupita.

Peizhi alipata simu tukiwa tunafunga masanduku. Hakulia. Alivua koti la maabara, akalikunja vizuri, akaniuliza, "Treni ya mwisho ni saa ngapi?" Safari hii Bwana Shu hakuuliza aandike nini kwenye fomu.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, kila mara akianzia mahali tofauti.

Hospitali ya wilaya alimkuta baba yake amelazwa, nyonga ya kushoto imevunjika, kiganja cha mkono wa kushoto kimefungwa bandeji, moyo unapiga ovyo na mashine inauangalia. Mzee alikuwa na aibu kuliko maumivu.

"Umeacha kazi kwa ajili yangu."

"Usiongee, baba."

"Nilikuwa nimalize wimbo mmoja tu, halafu niiweke mezani."

"Usiongee."

Mzee akamshika mkono kwa ule wake mzima. "Huajiao usimguse. Unanisikia? Usiende kumpigia kelele yule mwanamke. Ni mimi nilikwenda kununua, sikulazimishwa."

Siku ya pili alikwenda nyumbani kumchukulia nguo. Katika droo ya kabati la chumbani, chini ya shuka za sikukuu, alizikuta chaja zake. Zilikuwa saba, kila moja ndani ya boksi lake, kila boksi limefungwa karatasi nyekundu na uzi, kama mikate ya kupeleka ukweni. Mbili zilikuwa na majina juu yake. Moja iliandikwa jina la binti wa Peizhi. Nyingine iliandikwa "Huajiao". Kumbe mzee alikuwa amepanga kumzawadia mwenye duka sikukuu ikifika.

Ile chaja mbaya ilikuwa bado sakafuni jikoni. Aliipasua kwa kisu cha mboga, maana hakubeba bisibisi. Nafasi kati ya pande mbili haikufika milimita moja, na hapohapo palikuwa na tone la lehemu lililomwagika, likaziba hata huo ukucha wa nafasi uliokuwepo. Aliniambia kwamba angeipata benchini ingemchukua sekunde kumi.

Kisha akaenda dukani. Nilimuuliza alikwenda kufanya nini, wakati baba yake alimkataza. Akasema hakujua. Alijikuta amefika.

Shangazi Zhong alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, katikati ya magunia ya chumvi na bata wakavu walioning'inizwa. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hakusalimia. Aliinama, akatoa boksi zima la chaja kutoka chini, akalimwaga juu ya kaunta.

"Haya. Wewe ndiye unayejua. Nichagulie. Zipi ni nzuri, zipi nitupe?"

"Shangazi, sikuja kwa hilo."

"Basi umekuja kwa nini? Unitazame? Watu wote wananitazama. Nichagulie!"

Peizhi akaanza kuchagua. Zile nyepesi kabisa alizisogeza kushoto. Zenye maandishi yaliyofifia na herufi zilizokosewa, kushoto. Zenye meno ya plagi yanayocheza ukiyashika, kushoto. Zenye ahadi kubwa juu ya boksi na jina la kiwanda halipo popote, kushoto. Baada ya nusu saa kaunta ya kushoto ilikuwa imejaa, na kulia zimebaki nne.

"Hizo nne ni nzuri?" Shangazi akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Zina uzito, maandishi yake ni safi, zina alama. Lakini alama ni wino, Shangazi, mtu yeyote anaweza kuichapisha. Mpaka niipasue ndipo nijue. Na nikiipasua haiuziki tena."

"Sasa mtu wa kawaida atajuaje?"

Kazini tulikuwa na majibu ya swali hilo, yamechapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na anayepatikana kesho. Chagua inayolingana na kifaa chako, si inayojigamba zaidi. Ikitoa mlio, ikipata moto sana, ikikutekenya, achana nayo. Usishike simu iliyochomekwa ukiwa na majimaji. Peizhi alimwambia yote hayo, na Shangazi akawa anaitikia kwa kichwa, lakini wote wawili walijua kwamba risiti pale ni Shangazi mwenyewe, na kwamba alipatikana kesho na kesho kutwa na miaka thelathini yote.

Wakati huo akaingia mchuma machungwa mmoja, kofia kichwani, anaitwa Wen.

"Shangazi, chaja. Ile ya siku zote."

"Leo siuzi," akasema Shangazi Zhong.

"Huuzi? Na hizi zote mezani ni mapambo?"

Peizhi akageuka. "Kaka, hizi za kushoto ni hatari. Ndizo zilizompiga baba yangu. Chukua moja ya hapa, ingawa bei yake imezidi."

Wen akaitazama moja ya zile nne, akaigeuza, akairudisha. "Pole sana kwa mzee. Lakini niulize kitu, dada. Hizi zinatengenezwa wapi?"

"Huko kwetu. Huko ninakofanya kazi."

"Enhe! Mnazitengeneza nyie, mnazipima nyie, halafu mnapanda huku mlimani kututisha nazo nyie." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anatania. Akachukua moja ya kushoto, akaacha hela kaunta, akaondoka kabla Shangazi hajazunguka kumzuia.

Peizhi alimkimbilia mpaka barabarani. Wen alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki. Alimpungia mkono.

Jambo hilo ndilo lililomkaa moyoni kuliko yote. Aliporudi Dongguan aliniuliza, "Dada Nie, tukishaandika imeshindwa, mzigo unakwenda wapi?"

"Unarudi kwa mwenyewe."

"Halafu?"

Sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kujua. Masanduku yalishuka ngazi, sisi tukabaki na karatasi. Alimuuliza Bwana Shu, naye akavua miwani, akaipangusa, akasema kazi yetu inaishia mlangoni. Akaandika barua ofisini kwa wakubwa, kurasa mbili. Wakamjibu kwa heshima kwamba wameipokea.

Likizo yake iliongezwa mara moja, kisha ikaisha. Alimwacha baba yake mikononi mwa Shangazi Zhong, maana hapakuwa na mwingine. Kabla ya kuondoka aliweka chaja nzuri jikoni na chumbani, akamlipa fundi afunge swichi inayojikata umeme ukivuja. Mzee alirudi nyumbani akitembea kwa kigari cha kuegemea, hatua fupi fupi, mpaka mlangoni na kurudi. Machungwa ya mwaka ule yalichumwa na wengine, na mengine yalidondoka.

Simu mzee hakuishika tena. Peizhi alimbembeleza, akamweleza kwamba chaja iliyopo sasa ameichagua yeye mwenyewe, amepasua nyingine ya aina hiyohiyo, ni salama kabisa. Mzee alisema anaamini. Ila mkono ukikaribia simu unajikunja wenyewe, hata ikiwa imezimwa, hata ikiwa mpya.

Duka la Shangazi Zhong halikuuza chaja kwa wiki tatu. Watu wakawa wanashuka mjini kununua zilezile, na wakiwa huko wananunua na chumvi, sabuni na mafuta. Mwisho akazirudisha. Alimpigia Peizhi kumwambia kabla hajasikia kwa wengine, na Peizhi akamwambia, "Nimeelewa, Shangazi."

Mpaka ninapoandika haya bado yuko benchini. Alitafuta kazi wilayani kwao akakosa, hakuna maabara huko. Mchana, tukianza kula, anampigia Shangazi Zhong. Shangazi anaacha duka, anavuka ua na simu yake, anamwekea mzee sikioni kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mzee hataki kuishika. Tunamsikia Peizhi akiuliza amekula nini, na kama nyonga inauma. Mzee anajibu kwa ufupi sana, asije akauchosha mkono wa mwenzake.